Kabla Hujanishika, Andika Sababu

Mimi ni Msomali wa Kenya, nimezaliwa Islii, Nairobi, nimelelewa Islii na watoto wangu nimewalea hapo hapo. Kazi yangu ni duka, nauza nguo za akina mama kwenye moja ya zile mall za First Avenue, lakini kuna kazi ya pili ambayo hakuna mtu aliniandika, ni ya kwenda stesheni. Mtoto wa mtu akishikwa usiku, ama mama asiyejua Kiswahili akiingizwa seli, simu inalia kwangu, juu najua Kisomali, najua Kiswahili, na sheria kidogo tulifundishwa na mawakili waliokuja mtaani kutufunza kusaidia watu. Nimeifanya miaka mingi. Nataka niandike kile nimeona kinapunguza haya mambo ya mtu kushikwa sababu ya kabila lake, manake kila mtu anajua kusema ni vibaya, lakini ukiuliza sasa tufanye nini watu wananyamaza ama wanakuambia semina.

Kwanza vile inafanyika, kwa sababu kama huna sura yangu inawezekana hujawahi kuiona hata kama ulikuwa umekaa kiti cha nyuma yangu. Matatu inatoka tao jioni, imejaa, inafika kwa kizuizi cha polisi. Askari mmoja anaenda kwa dereva, mwingine anafungua mlango anaingiza kichwa na tochi. Haulizi mtu chochote. Ile tochi inapita kwa uso wa kila mtu, inapita, inapita, halafu inasimama. "Wewe. Na wewe mama wa buibui. Shukeni." Wengine wote wamebaki wamekaa, hakuna aliyeulizwa hata anaitwa nani. Siku moja mama wa buibui nilikuwa mimi na yule mwingine alikuwa kijana wa sekondari, sweta ya shule bado iko mwilini. Askari akachukua kitambulisho changu akakigeuza mbele na nyuma, akakikwaruza na ukucha, akaniuliza nimezaliwa wapi. Hospitali ya Pumwani, afande. Chifu wenu anaitwa nani? Nikamtajia. Na naibu wake? Nikamtajia pia. Akanyamaza kidogo halafu akasema hiki kitambulisho ni feki, na kama sitaki shida niongee vizuri. Nikamuuliza kwa heshima, afande, umetushusha kwa sababu gani? Akanimulika usoni akasema, "Kwani wewe hujioni?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu kitu ambacho kiko wazi kabisa, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kwamba kwake sura yangu ilikuwa sababu tosha, imekamilika, haihitaji kitu kingine.

Hii haikuanza jana. Baba yangu alikuwa na hadithi za vita vya Shifta, 1963 mpaka 1967, wakati kule Kaskazini Mashariki kulikuwa na sheria yake ya hali ya hatari na Msomali yeyote mwenye ngamia alikuwa anaweza kuitwa shifta, yaani jambazi. Kuna Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege, wakavuliwa nguo, wakaachwa juani, wakauawa. Serikali ilitaja watu 57 na wazee wa Wajir wamekuwa wakitaja mamia na zaidi. Halafu 1989 kukaja ile skrining, Wasomali wa Kenya peke yao, hakuna kabila lingine, wakaambiwa waende mbele ya jopo wathibitishe kwamba ni Wakenya, na ukipita unapewa kadi ya pinki utembee nayo pamoja na kitambulisho chako. Baba alitembea nayo kwa mfuko wa shati mpaka karatasi ikachakaa. Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini askari wa miaka ishirini na kitu anajua kusimamisha tochi kwangu, jibu ni kwamba nchi imemfundisha kabla hata hajaenda depo, chuo cha polisi.

Halafu kukaja mabomu, na siwezi kuandika haya bila kusema ukweli kwamba watu waliuawa na uchungu ulikuwa wa kweli. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na Al-Shabaab, magruneti yakaanza Nairobi, Septemba 2013 shambulio la mall ya Westgate likaua watu 67. Machi 31, 2014 ikalipuka hapa hapa Islii, watu sita wakafa, majirani zetu. Siku chache baadaye ikaanza opareshini ya Usalama Watch. Walishika karibu watu 4,000, uwanja wa mpira wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuzuilia watu, na sisi tulikuwa tunatembea kwa makundi nje ya stesheni tukiwa na vyeti vya kuzaliwa mkononi tukitafuta watu wetu. IPOA, ile mamlaka huru inayoangalia kazi ya polisi, ilichunguza na mwaka huo huo ikaandika kwamba opareshini haikufanywa vile katiba inataka. Na je, ilileta usalama? Mpeketoni, kule Lamu, ilishambuliwa Juni 2014. Mandera ikaja Novemba na tena Desemba. Aprili 2, 2015 chuo kikuu cha Garissa, watu 148.

Mimi hapo ndipo nilianza kufikiria hii kitu kama mtu wa usalama, si kama mtu aliyeumizwa peke yake. Jamaa wa kwanza kuhukumiwa kwa yale magruneti ya Nairobi ya 2011, Elgiva Bwire, hakuwa Msomali. Yule aliyeongoza shambulio la hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019 ambalo liliua watu 21, Ali Salim Gichunge, alikuwa amekodi nyumba Muchatha, Kiambu, babake mzazi ni mwanajeshi wa Kenya, tochi ya matatu ingepita kwake bila kusimama. Na mmoja wa wale wa Garissa alikuwa kweli Msomali, kijana aliyemaliza digrii ya sheria, lakini ni babake, chifu kule Mandera, ndiye alikuwa ameenda kuripoti kwa wakubwa kwamba mtoto amepotea na anaogopa ameingia Somalia. Yaani aliyekuwa na habari ya maana alikuwa mzee wa Kisomali aliyeamini serikali vya kutosha kwenda kusema mtoto wake mwenyewe. Watu kama hao unawapata wapi kama kila mmoja wetu akikaribia dawati la stesheni anaangaliwa kama mshukiwa?

Kuna mama anauza chai karibu na lojingi moja. Aliona vijana wanaingia usiku wa manane na mizigo na kutoka alfajiri bila mizigo. Hakuenda polisi, alikuja dukani kwangu akakaa chini ya nguo akaniambia kwa sauti ndogo, "Walaal," yaani ndugu yangu, "mimi nikienda pale watanishika mimi." Na alikuwa sahihi, kitambulisho chake kilikuwa bado kinasubiri, miaka imeenda anaambiwa arudi. Kwa hivyo ile habari ikakaa tu.

Sasa nije kwa kile kilichobadilisha kitu. Stesheni moja, sitaitaja, ililetewa OCS mpya, yaani mkuu wa stesheni, mtu mzima, mtaratibu, hakuwa wa kwetu na hakuwa anajua neno la Kisomali. Hakuja na maneno mengi. Alikuwa amechoka na kitu kimoja, seli zimejaa Jumatatu asubuhi, watu wanapelekwa kortini, hakimu anauliza kosa ni gani, hakuna, wanaachiliwa wote. Akatoa oda, hakuna mtu anaingizwa seli kabla askari aliyemleta hajaandika kwa mkono wake aliona nini. Hii hata si kitu amebuni. Katiba kifungu cha 49 kinasema mtu akishikwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoelewa, na sheria ya polisi ya 2011 inataka kila stesheni iwe na rejista ya walioshikwa ambayo ndani yake kuna jina, sababu, saa, na ni askari gani alimshika. Iko kwa sheria. Tofauti ni kwamba yeye aliifuata.

Nilikuwa nimekaa kwa ile benchi ya mbao siku moja, Ijumaa usiku, nimekuja kwa kesi nyingine, wakati askari kijana aliingia na vijana wetu wanne amewafunga mikanda pamoja. OCS alikuwa amesimama karibu na kaunta. Akamsukumia kitabu.

"Andika."

Akaandika neno moja, wanashukiwa.

"Wanashukiwa kwa nini?"

"Wanaonekana wageni, mkubwa."

"Sijakuuliza wanaonekanaje. Walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wamesimama."

"Wapi?"

"Nje ya duka."

"Duka la nani?"

Kimya. Yule mdogo wa wale vijana akasema, la baba yangu. OCS akafunga kitabu. "Fungua hao watoto waende nyumbani. Na wewe rudi kazini, ukiniletea mtu niletee alichofanya."

Hakumtukana na hakumpigia kelele mbele yetu, na nafikiri hilo lilisaidia, juu yule askari hakutoka pale amechukia Wasomali, alitoka akijua kazi yake itaulizwa maswali. Wiki za mwanzo askari walikasirika sana, wengine walisema mkubwa amewekwa mfukoni na matajiri wa Islii. Lakini kila siku ni hilo hilo, uliona nini, uliambiwa nini na nani, ulikuta nini. Maneno kama anaonekana mgeni, anatembea usiku, hana adabu, akayakataa yote. Polepole wakaanza kuleta watu wachache, na wale walioletwa walikuwa na kesi kweli. Simu yangu ikapunguza kulia usiku. Nilikuwa naamka mwenyewe saa nane nikiangalia kama iko na moto.

Alifanya na kitu kingine, alichukua kitabu kikubwa cha mistari akawa anaandikisha kila mtu aliyesimamishwa, mahali gani, sababu gani, alipatikana na nini. Kwenye baraza la kila mwezi la wazee wa nyumba kumi na wenye maduka alikuwa anakisoma kwa sauti. Mwezi wa kwanza ikaonekana wazi kwamba wengi walikuwa wameshikwa kwenye kona moja tu, na askari wale wale wawili, na karibu wote hawakupatikana na kitu. Sisi tulikuwa tumelia kuhusu ile kona miaka na miaka tukaambiwa tunaonea polisi. Kitabu kikasema kwa mwezi mmoja na hakuna mtu alibisha, kwa sababu ilikuwa mwandiko wao wenyewe. Wale wawili wakahamishwa kazi ya ofisini.

Na yule mama wa chai? Alienda. Nilimsindikiza, OCS akampa kiti, akamsikiliza nikitafsiri, hakumuuliza kitambulisho. Lojingi ikavamiwa na waliingia chumba kimoja tu, hawakukusanya ghorofa nzima kama zamani, wakapata simu za wizi gunia zima na bastola. Na katika wale walioshikwa walikuwemo vijana wa makabila tofauti, Wasomali ndani yake. Hakuna mtu wetu alilalamika. Watu wa Islii hawajawahi kutaka wezi wao waachwe.

Nilijifunza pia kwa nini kuandika kunafanya kazi, na hapa wale wanaofikiri ni mambo ya chuki peke yake wanakosea kidogo. Chuki iko, sikatai. Lakini pia kuna pesa. Msomali barabarani alikuwa ni ATM, ndivyo sisi wenyewe tulikuwa tunaitana kwa uchungu, kwamba tumekuwa mashine za kutolea pesa. Na Ijumaa ndiyo siku kubwa, kamata kamata ya Ijumaa, kwa sababu katiba inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24 lakini kama saa hizo zinaisha wakati korti imefungwa basi unangoja siku ya korti inayofuata, kwa hivyo ukishikwa Ijumaa jioni wanajua familia italipa chochote usilale ndani mpaka Jumatatu. Mtu akishaandikwa kwa kitabu hauziki tena. Jina liko, saa iko, askari yuko, akipotea kwa seli lazima mtu aeleze.

Lakini wale wanaotaka pesa wakajua hilo haraka. Wakaacha kuleta watu stesheni. Gari inabeba watu inazunguka nao, Juja Road mpaka Pangani, inarudi, inasimama kwa giza, simu zinapigwa nyumbani, pesa inatumwa kwa namba ya wakala fulani, mtu mmoja mmoja anashushwa. Kijana wa dada yangu alinipigia akiwa ndani ya gari kama hiyo, "Habaryar," yaani mama mdogo, "nimeshikwa lakini sijui niko wapi, tunazunguka tu." Kitabu cha OCS hakikuwa na habari naye kwa sababu hakufika kaunta. Hapo ndipo tulielewa kwamba kuandika kunatakiwa kuanza pale mtu anaposimamishwa, barabarani, si baada ya kufikishwa.

Wakili mmoja alituletea mfano ambao sijausahau. Kuna mji unaitwa Fuenlabrada, karibu na Madrid, Uhispania, wana wahamiaji wengi wa kutoka Moroko. Mwaka wa 2007 na 2008 polisi wa mji huo walijaribu fomu. Kila askari akisimamisha mtu barabarani anajaza pale pale, uraia wa mtu, sababu ya kumsimamisha, na kilichopatikana, halafu nakala moja anampa yule mtu aondoke nayo. Mabosi wanakusanya fomu na kuangalia nani anasimamisha nani, na wanakaa na watu wa mtaa kuzungumzia hizo namba. Mwanzoni ilionekana Wamoroko wanasimamishwa karibu mara kumi zaidi ya Wahispania. Baada ya miezi michache kusimamishwa kwa jumla kulipungua zaidi ya nusu, na ile tofauti ikashuka mpaka kama mara tatu na kitu. Na hii ndiyo nilimwomba wakili arudie, zamani katika kila watu 100 waliosimamishwa walikuwa wanapata kosa kwa kama 6, baada ya fomu wakawa wanapata kwa 17. Yaani walisimamisha watu wachache na wakapata wahalifu kwa urahisi zaidi.

Akatuambia pia ya forodha ya Marekani. Kati ya 1998 na 2000, wakati wa kamishna Raymond Kelly, walibadilisha jinsi ya kuchagua abiria wa kupekua kwenye viwanja vya ndege, wakaacha orodha ndefu ya mambo ya kukisia wakabaki na mambo ya tabia, mtu amefanya nini, na mpekuzi akalazimika kupata ruhusa ya msimamizi. Kupekua kukapungua kwa asilimia 75, na kupata vitu haramu kukapanda kutoka chini ya asilimia 5 mpaka zaidi ya 13. Hata New York, 2011 polisi walisimamisha watu mara 685,724, wengi wao weusi na Walatino, karibu tisa katika kila kumi wakaachiliwa bila chochote. Jaji akasema Agosti 2013 kwamba vile ilivyokuwa inafanywa ni kinyume cha katiba. Watu wakatisha kwamba mauaji yatalipuka. Kufikia 2017 kusimamishwa kulikuwa kama mara 11,000 na kitu kwa mwaka, na mauaji ya mwaka huo yalikuwa chini ya 300, machache kuliko miaka mingi sana nyuma.

Mimi si mtu wa namba lakini hizo nimezikariri, juu ukienda mbele ya polisi na machozi anakuambia pole mama, ukienda na namba anakaa chini.

Semina nimehudhuria nyingi. Hoteli, chai, mandazi, mtu wa mradi anaongea kuhusu kuheshimiana, askari wanaitikia, cheti kinatolewa, kesho yake tochi ni ile ile. Sisemi zifutwe. Nasema askari aliyefundishwa vizuri halafu hakuna anayemuuliza kitu jioni atarudi kwa mazoea, na askari ambaye hajafundishwa lakini anajua ataulizwa atafikiri mara mbili. Hata kuajiri askari wa Kisomali, ambayo naiunga mkono kabisa kwa sababu ya lugha na kwa sababu ni haki yetu, peke yake haitoshi. Askari mmoja kijana wa kwetu aliniambia, "Eeddo," yaani shangazi, "mimi nikivua sare nikienda kununua mboga na mimi nashushwa." Na akiwa na sare anafuata oda kama mwingine yeyote.

Kuna sehemu yetu pia, na hapa naongea na wale ambao tochi inapita kwao. Siku nyingine kwenye matatu, askari alimwita kijana mmoja ashuke, na mama mmoja aliyekuwa anatoka Gikomba na mzigo wake wa mitumba miguuni akasema bila kupandisha sauti, "Afande, kama ni vitambulisho angalia vya wote, hata sisi tuko navyo." Akatoa chake. Jamaa wa kando akatoa chake. Konda akatoa. Yule askari akatazama ile mikono yote akafunga mlango. Hakuna mtu alipigana, hakuna aliyemkosea heshima. Nilimkumbuka mwalimu Salah Farah na wale abiria wa basi la Mandera la Desemba 2015, Waislamu waliokataa kutenganishwa na Wakristo mbele ya bunduki za Al-Shabaab, mwalimu akapigwa risasi na akafa Januari iliyofuata. Kama wao waliweza kukataa mtu kuchaguliwa kwa dini mbele ya bunduki, sisi tunaweza kutoa vitambulisho kwenye matatu.

Na si sisi Wasomali tu. Vuka Juja Road uko Mathare, huko kijana anashushwa kwa sababu ya rasta na suruali na mtaa anaotoka, na wengine hawarudi nyumbani kabisa. Nilipoanza kukaa na akina mama wa Mathare niligundua tunazungumza kitu kile kile, watoto wetu wanasomwa uso kabla hawajafanya chochote. Wanubi wa Kibera pia wanajua ile foleni ya kuhojiwa ndio upate kitambulisho. Februari 2025 rais William Ruto akiwa ziara ya Kaskazini Mashariki alitia saini tangazo la kufuta ule uchujaji wa ziada wa vitambulisho, na mama wa chai hatimaye amekipata chake, nilifurahi mpaka nikafunga duka mapema. Lakini kitambulisho ni kile kile ambacho barabarani kinakwaruzwa na ukucha kikaitwa feki, kwa hivyo kazi ya barabarani bado iko.

Kwa vijana wangu nawaambia hivi. Usikimbie na usibishane. Uliza sababu mara moja, kwa sauti ya kawaida, na ukumbuke jibu. Soma jina ama namba kwa sare, sheria inataka askari mwenye sare aonekane jina lake ama namba yake. Kama ni gari, angalia namba ya gari na utume kwa mtu nyumbani kabla simu haijachukuliwa. Ukifika stesheni omba uandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, na upewe namba. Usitoe pesa, hata ukiambiwa ni kidogo, manake ile kidogo ndiyo itamfanya arudi kesho kwa ndugu yako. Najua si rahisi. Kuna usiku nimeona mzazi analipa na sikumlaumu, mtoto alikuwa na pumu na seli ilikuwa imejaa.

Yule OCS alihamishwa, kama wote wanavyohamishwa. Aliyekuja baadaye hakuendelea na kile kitabu cha mistari, na baada ya muda simu yangu ikaanza tena, si kama zamani lakini ilianza. Hiyo ilinionyesha kwamba kitu kizuri kikikaa kwa roho ya mtu mmoja kinaondoka na sanduku lake. Ndiyo maana saa hizi hatuombi OCS mzuri. Tunaomba fomu. Iwe na namba, iwe na nakala mbili, ijazwe pale pale kwa kizuizi, iandikwe mtu alifanya nini na ni nini kilipatikana, nakala moja ibaki na aliyesimamishwa, na kila mwezi stesheni ibandike ukutani jumla ya waliosimamishwa na wangapi walikutwa na kosa. Tumeandika barua kwa Kiswahili, kurasa mbili, tumeipeleka kwa ofisi ya kaunti inayohusika na mambo ya usalama. Chini yake kuna sahihi za wenye maduka, wazee wa nyumba kumi, makonda, akina mama wa Mathare, na askari wawili waliostaafu ambao walisema wangependa wangekuwa na hiyo fomu wakati wao. Tumepewa tarehe ya kwenda kueleza, na nimeshapiga kopi za fomu ya mfano, tumeijaza wenyewe kuonyesha haichukui hata dakika tatu.